Ningembebea begi Seydou Keïta

Mhariri,

Ukurasa wenu wa vijana uliwauliza wasomaji: ukipewa nafasi ya kumfuata mpiga picha mmoja kazini, ungemchagua nani? Majibu mliyochapisha yamejaa watu wa harusi kubwa, wanyamapori na droni. Sina ugomvi nao. Ila mimi ningembebea begi mtu aliyefariki Paris mwaka 2001, ambaye kazi iliyompa jina aliifanya karibu yote ndani ya ua mmoja, mbele ya kitambaa kilichotundikwa ukutani: Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Na ninapoeleza ni kwa nini, nina neno pia kuhusu yale maandishi madogo mnayoweka chini ya picha.

Keïta alizaliwa Bamako mwaka 1921 hivi na alilelewa katika useremala. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka safari ya Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie yenye filamu ya picha nane, akampa kijana. Shule ya upigaji picha hakuiona. Mfaransa mmoja, Pierre Garnier, alikuwa na duka la vifaa vya picha mjini, na mwalimu wa shule Mountaga Dembélé, aliyekuwa mpiga picha pia, alimwonyesha kazi ya chumba cha giza, ambamo filamu husafishwa na picha kutolewa. Mwaka 1948 Keïta akafungua studio yake mtaa wa Bamako-Coura, nyuma ya gereza kuu, si mbali na stesheni ya reli iendayo Dakar. Mahali hapo hapakuwa pa bahati nasibu. Aliyeshuka treni, aliyekuja sokoni, karani aliyepokea mshahara, wote walipita jirani.

Kamera iliyomjengea jina ilitumia negativu, yaani filamu ambayo picha hutolewa kwayo, za sentimita 13 kwa 18. Vijana wengi wakisikia hivyo wanadhani ni fahari ya vifaa. Ilikuwa hesabu ya fedha. Negativu kubwa kiasi hicho haihitaji mashine ya kukuzia picha: unailaza juu ya karatasi ya picha yenye ukubwa uleule, upande wenye dawa ukitazamana na upande wenye dawa, unabana kwa kioo, unawasha taa sekunde chache, basi. Picha inatoka saizi ileile ya negativu bila kupita kwenye lenzi ya pili. Ndiyo maana katika picha zake unaona uzi wa tarizi, chale za shavuni na mkunjo wa kucha. Miaka mingi baadaye negativu hizohizo zilikuzwa zikajaza kuta za majumba ya sanaa Ulaya, na hazikuvunjika.

Hasara yake ni kwamba kila mbofyo mmoja unakula karatasi nzima ya filamu. Keïta alipiga mara moja tu kwa kila pozi. Alisema mwenyewe kwamba ni kwa sababu ya gharama. Hapa ndipo ningependa kusimama nyuma yake, kwa sababu mtu anayejua kwamba hana mara ya pili hupanga kila kitu kabla ya kubofya, na huko kupanga kunafundishika.

Tuchukue hatua zenyewe. Kamera ya namna hiyo inasimama kwenye miguu mitatu. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi na kutazama kioo cha ukungu nyuma ya kamera, ambamo mteja anaonekana kichwa chini, miguu juu. Anavuta fokasi kwenye jicho lililo karibu na lenzi; si pua, si shada la kifungo. Kisha anafunga lenzi, anapunguza tundu la kupitisha mwanga, anachomeka kibebeo cha filamu, anachomoa kile kibati cha kuzuia mwanga, anabofya, anarudisha kibati. Tangu kibebeo kinapoingia hakuna tena kuona kitu ndani ya kamera. Ukisahau kufunga lenzi kabla ya kuchomoa kibati, negativu yote inaungua nyeusi. Ukisahau kurudisha kibati kabla ya kutoa kibebeo, yaleyale. Kosa linalowapata wengi zaidi ni jingine: mteja anasogea. Kati ya kuvuta fokasi na kubofya zinapita sekunde 15 hadi 20, na mtu anayekaa kwenye stuli isiyo na mgongo husogea mbele sentimita tano au kumi bila kujijua.

Hizo sentimita kumi ni nyingi kuliko unavyodhani. Lenzi ya kawaida kwa negativu ya 13 kwa 18 ni ya milimita 210 hivi. Mtu akiwa mita mbili na nusu kutoka kamera, ukifungua tundu hadi f/4.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), sehemu iliyo kwenye fokasi mbele na nyuma ya jicho ni kama sentimita 20 kwa jumla. Uso umeisha hapo. Bega la nyuma limeshapotea. Ukibana hadi f/16 unapata kama sentimita 65 au 70, zinazotosha mtu aliyeketi pamoja na mikono yake. Lakini f/16 kwenye kivuli cha mchana, kwa filamu ya kasi ya ISO 50, yaani inayopokea mwanga polepole, inataka takriban sehemu ya nane ya sekunde, na katika muda huo mtu aliyesimama wima bila kushika kitu anayumba. Ukimkaribia zaidi, tuseme mita moja na robo ili upate kifua na uso, lenzi inasogea mbali na filamu, mwanga unafifia, na unapaswa kuongeza nusu stopu (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu). Asiyelijua hilo hupata negativu nyepesi kila anapopiga uso kwa karibu, kisha analaumu dawa.

Sasa ziangalieni upya pozi za Keïta. Mwanamke ameegemeza kiwiko kwenye mgongo wa kiti. Ndugu wawili wamekaa bega kwa bega, mkono wa mmoja begani kwa mwenzake. Mwanamume amekaa kwenye ukingo wa Vespa, kiganja kimeshika usukani. Mwanamke amejilaza ubavu juu ya kitanda, kichwa kimekaa kwenye kiganja. Watu huzisifia kwa uzuri, na ni nzuri kweli, lakini kila moja imempa mteja mahali pa kujishikiza ili asitikisike. Kifua amekigeuza robo au nusu na uso ukarudi kuelekea kamera. Shingo inarefuka, mabega yanapungua upana, na mwanga wa ubavuni unapata kitu cha kuchonga. Ukimweka mtu uso kwa uso na kamera, mikono ikining'inia, umepiga picha ya kitambulisho.

Kuna picha yake ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ambayo wengi mmeiona bila kujua ni ya nani: kijana mwenye miwani ya fremu nene, koti jeupe, tai, ameshika ua moja mbele ya kifua. Itazame mikono tu. Kazi yote ya kuuweka mwili sawa imefanywa na lile ua. Mtu akipewa kitu chepesi cha kushika, vidole vinajipanga vyenyewe na bega linashuka. Mwambie huyohuyo “weka mkono hapa”, atakupa mkono wa sanamu ya dukani. Studio ya Keïta ilikuwa na suti za Kizungu, tai, kofia, saa, kalamu, maua ya plastiki, redio, simu. Gari lake aina ya Peugeot 203 nalo limeingia kwenye picha kadhaa. Kuna wanaocheka kwamba watu walikuwa wanaazima utajiri. Mimi naona kwanza mikono iliyopata kazi, na mteja aliyeondoka na picha ya vile anavyotaka ndugu zake Dakar au Abidjan wamwone. Studio ngapi za kwetu zina koti moja tu la pasipoti, limechakaa kola, na bado mteja analipia?

Vitambaa vya nyuma ni somo la peke yake. Cha kwanza kilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, lenye matamvua. Baada ya miaka miwili au mitatu alikibadilisha akaweka cha maua makubwa, kisha kingine, kisha kingine. Mbele ya maua hayo akamweka mwanamke wa gauni pana la maua mengine na kilemba, pengine juu ya blanketi la miraba. Kwa kanuni za vitabuni hiyo ni vurugu, lakini picha inasimama, na sababu mbili zinaonekana ukitulia nayo. Kwanza, ukubwa wa mapambo unatofautiana: nyuma makubwa, kwenye nguo madogo, chini miraba. Yangekuwa saizi moja, mtu angezama ndani ya pazia. Pili, uso na mikono ndiyo sehemu pekee ambayo haina mapambo, kwa hiyo jicho la mtazamaji halina pengine pa kutulia. Mpiga picha wa kwetu mwenye wateja wa vitenge anaweza kulijaribu leo. Awe na vitambaa viwili vya nyuma, kimoja cha mapambo makubwa kama sahani na kingine cha madogo kama shilingi, achague kinyume cha nguo ya mteja. Kanga ina mtihani wake: maandishi. Jina la kanga lionekane lote lisomeke, au likunjwe lisionekane kabisa. Nusu ya msemo humfanya mtazamaji asome badala ya kumwangalia mwenye kanga.

Kitambaa kikitundikwa uani upepo unakitikisa, na kwa sehemu ya nane ya sekunde mapambo yote yanaungana kuwa ukungu. Shona pindo pana chini, pitisha fito, funga mawe ncha mbili. Mteja akae sentimita 50 mbele ya kitambaa ukitaka mapambo yasomeke, mita moja na nusu au zaidi ukitaka yafifie. Kati ya hapo ni eneo baya: hayasomeki wala hayafifii.

Mwanga. Keïta alikuwa na taa kwa wanaokuja jioni, lakini mwanga alioupenda ni wa mchana, uani. Hiki ndicho kipengele ambacho vijana wetu wangefaidika nacho upesi kuliko vyote, maana kivuli hakiuzwi. Jua la utosini, la saa tano mpaka saa nane mchana, linachimba mashimo meusi machoni. Mpeleke mteja chini ya ukingo wa paa au varanda, aingie ndani ya kivuli kama mita moja kutoka mstari wa jua, aelekee nje ambako anga iko wazi, kisha ageuke kama digrii 45. Shavu moja litapokea anga, la pili litapokea kile kilichorudishwa na ukuta. Ukipima kwa kipima mwanga, tofauti ya mashavu mawili iwe stopu moja hadi moja na nusu. Chini ya hapo uso unakuwa bapa. Ukizidi mbili, upande wa giza unapotea kwenye karatasi.

Tazama vilevile kilicho mbele ya mteja. Ukuta mweupe ni msaidizi. Ukuta wa kijani, mchanga mwekundu, na zaidi ya vyote turubai la bluu, vinamwagia ngozi rangi. Keïta hakuwa na shida hiyo kwa kuwa filamu yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini kwenye simu yako uso utatoka rangi ya mtu aliyeamka na malaria, na hakuna kichujio cha kuusafisha bila kuharibu nguo.

Ngozi nyeusi ina namna yake ya kupokea mwanga ambayo kamera haikufundishwa. Kipima mwanga cha ndani ya kamera kinadhani kila kitu duniani ni kijivu cha katikati. Mwanamume mweusi akivaa kanzu nyeupe, kamera inaona kanzu, inapunguza mwanga, uso unaingia gizani. Mwanamke mweusi aliyevaa buibui mbele ya ukuta mweusi, kamera inaongeza mwanga, ngozi inatoka kijivu kama majivu. Dawa ni kupima uso peke yake. Kwa kamera yenye kipima mwanga, sogea karibu usome shavu lililoangaziwa, kisha punguza stopu moja, kwa sababu shavu hilo ni jeusi kuliko kijivu ambacho kipima kinakifikiria. Kwa simu, gusa uso kwenye skrini, shikilia mpaka ijifunge, halafu vuta mwanga chini kidogo. Kisha kuna mng'ao. Umbo la uso mweusi linaonekana kwa ile mistari ya mng'ao kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu na juu ya mdomo, kuliko linavyoonekana kwa vivuli. Mwanga mkubwa wa ubavuni, kama ule wa anga, unatandaza mistari hiyo kwa upole. Zile taa za duara zinazowekwa mbele ya uso kila studio siku hizi zinaifuta yote na kuacha pete mbili ndani ya macho. Hazina maana katika picha ya mtu mzima, na nitalisema hilo hata kama wauzaji wake watachukia. Poda ya kupunguza mng'ao nayo itumike kwa uchoyo: futa jasho kwa kitambaa kikavu, acha ngozi ing'ae yenyewe.

Sasa chumba cha giza, kwa ufupi, kwa kuwa wapo vijana wanaorudi kwenye filamu na wanauliza. Dawa ya kutokezea picha kwenye karatasi iliyozoeleka tangu zama hizo ni D-72: katika mililita 500 za maji ya moto ya nyuzi 50 hivi weka metoli gramu 3, sulfaiti ya sodiamu kavu gramu 45, haidrokwinoni gramu 12, kaboneti ya sodiamu ya aina ya monohaidreti gramu 80, bromaidi ya potasiamu gramu 2, kisha ongeza maji hadi lita moja. Wakati wa kutumia, sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji, dakika moja na nusu kwa nyuzi 20. Mfuatano huo usivurugwe, na kila kimoja kiyeyuke kabisa kabla ya kinachofuata. Haidrokwinoni ikitangulia sulfaiti inaanza kuwa kahawia mbele ya macho yako. Sulfaiti yote ikitangulia, metoli inagoma kuyeyuka. Muda wa taa utafute kwa kipande cha karatasi, ukikifunua hatua kwa hatua: sekunde 2, 4, 8, 16. Picha ikitoka na doa lenye ukungu sehemu moja tu, usimlaumu mteja kwamba alitikisika. Angalia ubanaji wa kioo, karatasi haikugusana na negativu hapo.

Joto ndilo adui wa mikoa yetu kama lilivyo la Bamako. Maji ya nyuzi 30 yanalainisha tabaka la jelatini, pembe za negativu zinaanza kuchubuka, na ukihama ghafla kutoka dawa ya moto kwenda maji baridi tabaka linakunjamana vikunjo vidogovidogo visivyotoka tena. Fanya kazi usiku, weka sinia la dawa ndani ya beseni lenye mfuko wa barafu uliofungwa vizuri, na maji yote, ya dawa na ya kusuuzia, yawe ya joto moja kwa tofauti ya nyuzi mbili au tatu tu. Barafu isiingie ndani ya dawa yenyewe, itaipunguza nguvu.

Baada ya dawa ya kukazia, ile inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, karatasi ya kawaida isiyo ya plastiki isuuzwe kwa maji yanayotembea saa nzima. Hapa ndipo wengi walikata kona, na matokeo yake yako kwenye albamu za wazee wetu: picha zilizogeuka njano na madoa ya kahawia. Mara nyingi hilo si umri. Ni mabaki ya dawa ya kukazia, au dawa iliyotumika mpaka ikachoka. Picha iliyooshwa vizuri miaka ya 1950 ipo mpaka leo na weusi wake.

Keïta aliosha vizuri na akatunza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mali ikiwa imeshapata uhuru, serikali ilimwita awe mpiga picha wake rasmi, na studio ikafungwa. Aliifanya kazi hiyo hadi 1977. Maelfu ya negativu za Bamako-Coura zilibaki kwake zimehifadhiwa. Miaka kadhaa baadaye alipoulizwa picha fulani ni ya lini, aliangalia kitambaa cha nyuma akajibu. Kila kitambaa kilikuwa na miaka yake, kwa hiyo pazia likawa kalenda. Nyuma ya picha alizotoa alipiga muhuri wa jina lake.

Na bado jina lilipotea. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilionyeshwa New York katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20, zikiandikwa kwamba mpiga picha hajulikani, Bamako. Mtu huyo alikuwa hai, mjini hukohuko Bamako. Mfaransa André Magnin aliona picha hizo, akafunga safari kwenda kuuliza, akaelekezwa hadi kwa mwenyewe. Mwaka 1994 Keïta akafanyiwa maonyesho yake peke yake Paris, kwenye jumba la sanaa la Fondation Cartier. Mwaka 2016, yeye akiwa ameshazikwa, jumba la maonyesho la Grand Palais, Paris hukohuko, nalo likamfanyia. Walioketi mbele ya kamera hawakupata bahati hiyo. Picha zake nyingi zinaitwa tu “Bila jina”, kwa kuwa majina ya wateja hayakuandikwa kwenye negativu. Huo ndio upungufu mmoja ambao mwanagenzi angeweza kuuziba kwa penseli na daftari la senti chache.

Sasa neno langu kwako, mhariri. Pwani yetu ilikuwa na mafundi wa mizani hii. Unguja alikuwepo Ranchhod Oza wa Capital Art Studio. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor na Bakor Studio yake, aliyeunganisha picha kwa mkasi na gundi kabla ya kompyuta. Na kila mji wa reli na bandari ulikuwa na wake ambao hawakuandikwa popote. Picha zao ziko kwenye makabati ya watu, na kila wiki mnachapisha moja au mbili kwenye safu ya kumbukumbu, chini yake mkiandika “Picha: Mtandao”. Mtandao haujawahi kushika kamera. Wale wa New York angalau waliandika kwamba hajulikani, na maneno hayo yakawa swali lililomfanya mtu apande ndege. “Mtandao” haliulizi chochote, linafunga mlango.

Msomaji anapowaletea picha ya zamani, mwombeni apige pande zote mbili. Mhuri wa studio uko nyuma, mara nyingi kona ya chini, na ukififia hujitokeza mwanga wa dirisha ukipita kwa ubavu. Asitumie fleshi, alaze picha bapa karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, simu iwe sambamba nayo, na aache ukingo wa sentimita moja pande zote badala ya kuukata. Mkato wa kingo, zile za mawimbi au zilizonyooka, nao unasaidia kukisia miaka. Picha iliyogandana na kioo cha fremu asiibandue kamwe, tabaka litabaki kwenye kioo; aipige hivyohivyo kupitia kioo. Akiirudisha kwenye fremu, iwepo nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya picha na kioo, kwa kuwa unyevu wa pwani ndio unaogandisha. Na nyuma yake aandike majina ya waliomo kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya na kutokeza mbele baada ya miaka.

Tuanze na ile ya toleo la Jumapili iliyopita, bwana na bibi harusi wamesimama kwenye vigae vya miraba, nyuma yao pazia lililochorwa ngazi na mnazi mmoja uliopinda. Pazia la namna ile halikununuliwa dukani, lilichorwa kwa mkono kwa ajili ya studio moja. Wako watu waliopigwa picha mbele yake ambao bado wanasoma gazeti lenu. Irudieni ikiwa kubwa, pazia lionekane lote, chini yake muandike “Mpiga picha hajatambuliwa” na namba ya simu ya chumba cha habari.

Wako,
Mpiga picha wa studio,
Tanga